Biki, jeki na jina la Fundi



Kabla hujaendelea kusoma, kama una kalamu karibu, ishike. Ile biki ya kawaida tu, ya bluu, kama tunayosainia siku ya mgao. Itazame kwenye ncha. Utaona kigololi kidogo kama punje ya mchanga. Unapoandika, kigololi kinazunguka, kinachota wino ndani na kuupaka kwenye karatasi. Ni hivyo tu. Sisi tumeshika biki tangu darasa la kwanza, tumetafuna vifuniko vyake, tumetumia bomba lake kupulizia vipande vya karatasi mwalimu akigeuka. Hatukuwahi kujiuliza nani aliitengeneza. Mwaka huu ndiyo tumejua: alikuwa mtu aliyekimbia kwao.

Na tumejua kwa sababu ya aibu moja iliyotupata. Tuieleze kwanza hiyo.

Katika kikundi chetu kuna mwenzetu mmoja, tutamwita Fundi. Mwenyewe hataki jina lake liandikwe hapa, na mkifika mwisho mtaelewa kwa nini habari ya jina inamuuma. Shule aliishia kidato cha pili. Mikono yake haikuishia popote. Mwaka juzi alitengeneza mashine ya kubana makaa ya vumbi. Si mnaona vumbi la makaa linavyofagiliwa sokoni na kutupwa? Yeye alilikusanya, akalichanganya na uji wa muhogo, akatafuta jeki mbovu ya gari na vipande vya bomba la chuma, akaomba fundi wa kuchomelea pale sokoni amuungie fremu. Unapiga jeki, makaa manne yanabanwa kwa mpigo mmoja.

Ila tatizo la mashine za namna hiyo ni kutoa makaa bila kuyavunja. Bado ni mabichi, ukiyasukuma vibaya yanarudi kuwa vumbi. Fundi alikaa na hilo tatizo mwezi mzima. Mwisho akachukua springi za kiti cha baiskeli, akaziweka chini ya kibati chenye vijiti vinne. Ukilegeza jeki, makaa yanapanda yenyewe taratibu, mazima kabisa. Siku ya kwanza yalipopanda hivyo, sisi tulipiga makofi kama watu waliofunga goli.

Majirani wakaanza kuleta vumbi lao. Mama zetu wanajua maana yake. Kila gunia la makaa hayo ni safari moja ya kuni isiyofanywa, na mambo yanayowapata akina mama na dada zetu huko porini hatuhitaji kuyaeleza hapa.

Basi tukafurahi, tukapiga video. Dakika nne, tukaonyesha kila springi na kila bolti, tukaiweka kwenye kurasa zetu zote. Wageni wakaja. Wakapiga picha, mmoja akapima fremu kwa futikamba, sisi tukapiga nao selfi. Miezi ikapita. Siku moja kwenye maonyesho tukaona bango: mashine ileile, imepakwa rangi nzuri ya kijani, imeandikwa kwamba ni ubunifu wa mradi fulani. Jina la Fundi halikuwepo hata kwa herufi ndogo.

Mradi hatutautaja. Hatukukaa kuandika ili tugombane na mtu, na ukweli mchungu ni kwamba hatuna karatasi hata moja ya kuonyesha nani alianza. Fundi alilitazama lile bango, akasema "sawa", akaenda kwake. Wiki sita hakukanyaga karakana.

Sisi tukabaki kuwalaumu wale wageni. Ndipo Papa mmoja mtu mzima, aliyekuwa anafundisha fizikia kule nyumbani, akatuuliza, "Wanangu, na nyinyi mlimwandikia nini?"

Tukamjibu, "Papa, tulimpigia video."

"Video iliwaambia watu namna ya kuitengeneza. Iliwaambia ni ya nani?"

Tukanyamaza. Siku hiyo ndiyo tulisikia neno hataza. Yeye aliita breveti, kwa Kifaransa chetu cha shule. Hataza ni kama mapatano kati ya mvumbuzi na serikali. Mvumbuzi anaeleza kwa maandishi na michoro namna kitu chake kinavyofanya kazi, hafichi. Serikali nayo inampa haki: kwa muda fulani, siku hizi ni miaka 20 tangu kuomba, mtu mwingine asikitengeneze wala kukiuza bila ruhusa yake. Muda ukiisha, kitu ni cha watu wote. Lakini jina la aliyevumbua linabaki pale juu ya karatasi.

Tukaanza kutafuta habari za hataza usiku, bando linapokuwa rahisi. Tulitaka kujua ni watu wa aina gani wanaopata hizo karatasi. Tulidhani ni matajiri wenye maabara. Tukakutana na watu wa kwetu. Si kwa kabila, ni kwa safari.

Wa kwanza ni huyo wa biki. László Bíró alizaliwa Budapest, Hungaria, mwaka 1899. Alikuwa mwandishi wa habari, na kalamu yake ya wino ilimchosha kwa kuvuja na kuchafua karatasi. Akaona wino wa mashine ya kuchapa magazeti unakauka haraka, lakini ule ni mzito, haupiti kwenye kalamu. Akishirikiana na ndugu yake György, aliyejua kemia, akahangaika na wino mzito na kigololi cha kuutoa. Mwaka 1938 aliomba hataza. Mwaka huohuo sheria za kuwabana Wayahudi zilikuwa zimeanza nchini kwao, na yeye alikuwa Myahudi. Akaondoka kwenda Paris. Vita vikamfuata hadi huko, akavuka bahari mpaka Ajentina. Mwaka 1943, akiwa ugenini, akaomba tena hataza ya kalamu iliyoboreshwa. Waingereza walizichukua kwa ajili ya marubani wao, kwa kuwa hazikuvuja ndege ikiwa juu.

Hapa kuna jambo la kujifunza. Bíró hakuwa wa kwanza kuwaza kigololi. Mmarekani John Loud alipata hataza ya kalamu ya kigololi tangu 1888, ya kuandikia kwenye ngozi. Haikufaa kwenye karatasi, ikasahaulika. Maana yake wazo peke yake halitoshi. Hataza inatazama njia: wewe umelitatuaje lile lililowashinda wengine? Kwa Bíró, jibu lilikuwa wino ule pamoja na namna ya kuufikisha kwenye kigololi. Tuliposoma hapo, wote tulikumbuka zile springi za baiskeli.

Na jina "biki" je? Mfanyabiashara wa Ufaransa, Marcel Bich, alinunua haki za hataza ya Bíró, akatoa kalamu ya bei ndogo mwaka 1950. Alitoa herufi ya mwisho kwenye jina lake, ikawa Bic, ikafika kwetu ikawa biki. Alinunua kihalali, hatumsemi vibaya. Ila angalia: midomo yetu inamtaja aliyenunua, karatasi inamtaja aliyevumbua. Kama karatasi isingekuwepo, sisi kambini tungemjua Bíró kutoka wapi?

Wa pili ni wa umeme. George Latimer na mkewe Rebecca walikuwa watumwa Virginia, Marekani. Mwaka 1842 walitoroka hadi Boston. George akakamatwa, watu wa Boston wakapiga kelele na kuchanga dola 400 za kumkomboa. Mwaka 1848 wakapata mtoto, Lewis. Huyu Lewis alipokuwa kijana aliajiriwa kama tarishi kwenye ofisi ya mawakili wa hataza. Akawa anawatazama wachoraji wa michoro ya kiufundi wanavyofanya, akanunua vifaa vilivyotumika, akajifundisha usiku. Mwisho akawa mchoraji mwenyewe. Alichora michoro ya ombi la simu la Alexander Graham Bell, hataza iliyotoka mwaka 1876. Mwaka 1882 alipata hataza yake ya namna bora ya kutengeneza uzi wa kaboni unaowaka ndani ya balbu. Mtoto wa watoro, jamani, na shule yake kubwa ilikuwa kutazama.

Wa tatu ni wa friji, nao ni wawili. Albert Einstein mnamjua kwa nywele zake. Hamjui kwamba ana hataza ya friji, pamoja na rafiki yake Leo Szilard, Myahudi wa Hungaria. Miaka ile ya 1920 friji zilitumia gesi zenye sumu. Inasemekana walisoma gazetini habari ya familia moja ya Berlin iliyokufa usiku kwa gesi iliyovuja kwenye friji. Wakafikiri: kinachovujisha ni sehemu zinazozunguka na kusuguana, basi tutengeneze friji isiyo na sehemu zinazotembea. Hataza ya Marekani ilitoka Novemba 1930. Halafu Hitler akaingia madarakani. Einstein hakurudi tena Ujerumani. Szilard alipanda treni kutoka Berlin kwenda Vienna mwaka 1933, treni karibu tupu. Alisimulia kwamba siku iliyofuata treni hiyohiyo ilijaa watu, ikasimamishwa mpakani, watu wakahojiwa. Siku moja tu! Wengi wetu tuna siku moja ya namna hiyo katika maisha yetu.

Wa nne ni wa mawasiliano, na ni dada. Hedy Lamarr alizaliwa Vienna mwaka 1914, wazazi wake Wayahudi. Mwaka 1937 alimtoroka mumewe, tajiri wa kiwanda cha silaha, akaishia Marekani kuwa nyota wa sinema. Vita vilipopamba moto, yeye na mwanamuziki George Antheil walibuni njia ya kuongoza kwa redio kombora la majini bila adui kuivuruga: mtumaji na mpokeaji wanaruka pamoja kutoka masafa moja hadi mengine, kwa mpango wanaoujua wao tu. Walitumia karatasi ya matundu kama ile ya kinanda kinachojipiga chenyewe, na masafa 88, sawa na vitufe vya kinanda. Hataza ilitoka Agosti 1942. Jeshi la majini halikuitumia wakati ule, na yeye hakupata pesa kwayo. Sifa zilimjia akiwa mzee. Leo spika yako ya Bluetooth hapo kwenye blok inaruka masafa kwa kanuni hiyohiyo.

Tukiwa tunasoma, tukakutana na habari moja iliyotukata maneno. Mwaka 1858 mwanasheria mkuu wa Marekani aliamua kwamba uvumbuzi wa mtumwa hauwezi kupewa hataza. Mtumwa hakuhesabiwa kuwa raia, kwa hiyo hangeweza kula kiapo cha mvumbuzi. Na bwana wake naye hakuvumbua, hivyo hangeweza kuapa kwa uongo. Kitu kipo, kinafanya kazi, lakini hakina mwenyewe. Mtu mzima amekitengeneza kwa mikono yake, na sheria inatazama pembeni.

Mmoja wetu akauliza, "Sasa na sisi? Sisi si raia wa hapa." Karakana yote ikawa kimya, hakuna aliyekuwa na jibu.

Jibu alikuja nalo Papa baada ya siku tatu, kwenye karatasi aliyoinakili kwa mkono. Ni Mkataba wa 1951 kuhusu hali ya wakimbizi, ule tunaousikia kila Juni 20. Kifungu cha 14 kinasema kwa maana hii: katika kulinda uvumbuzi, michoro ya viwandani, alama za biashara, pamoja na kazi za uandishi, sanaa na sayansi, mkimbizi apewe katika nchi anamoishi ulinzi uleule anaopewa raia wa nchi hiyo. Uleule! Tumehudhuria semina za haki zetu mpaka tumechoka soda. Tumefundishwa haki ya chakula, ya shule, ya kutorudishwa kwa nguvu. Hiki kifungu hatukuwahi kukisikia. Labda walioandaa semina hawakuwahi kufikiri kwamba kambini kuna mtu anavumbua kitu.

Basi, haya ndiyo tuliyojifunza kwa vitendo, chukueni bure.

Hataza ni ya nchi kwa nchi. Tanzania ofisi ni BRELA, Kenya ni KIPI, Uganda ni URSB. Kuna pia ARIPO kule Harare, ambako ombi moja linaweza kuomba ulinzi katika nchi wanachama kadhaa.

Kitu lazima kiwe kipya. Ukikionyesha kwa watu wote kabla ya kuomba, unaweza kukosa haki kwa mdomo wako mwenyewe. Baadhi ya sheria zina muda wa msamaha, lakini usiutegemee. Video yetu ya dakika nne, ile tuliyojivunia, inawezekana ndiyo iliyomfungia Fundi mlango. Si wale wageni peke yao. Ni sisi. Tunaliandika hili waziwazi kwa sababu tunajua vikundi vingine vitafanya vilevile kesho, kwa upendo kabisa.

Kuna gharama. Ada ya kuomba, ada ya kila mwaka, na mara nyingi wakala wa kukuandikia maombi. Kwa posho ya kujitolea hailipiki. Kenya, Uganda na Tanzania zina pia hati ndogo kwa uvumbuzi mdogo, ambayo masharti yake ni mepesi kidogo. Uliza hiyo kwanza.

Na hataza za zamani ni maktaba. Zipo kwenye intaneti bure, Google Patents na Espacenet, na michoro yake. Tuliingia kutafuta mashine za kubana makaa. Wacha! Zipo tangu miaka ya 1800. Fremu ya Fundi, jeki, bomba, vyote vina kaka zao wa zamani. Tulipomwambia, tulidhani atavunjika moyo zaidi. Yeye akavuta simu karibu, akakuza mchoro mmoja mpaka kioo kikajaa, akasema, "Huyu naye makaa yalimshinda kutoa." Hiyo ndiyo siku aliyorudi karakana.

Springi zake hatukuziona kwenye mchoro wowote tuliofungua. Hatusemi hazipo, tumefungua michache. Lakini tumeanza kuandika.

Wengine kwenye kikundi walipinga. Walisema makaa ni ya kuwasaidia mama zetu, mbona tuyafungie sheria? Hoja ni nzuri. Sisi tukawajibu kwa mkanda wa gari. Nils Bohlin, mhandisi wa Volvo, alibuni mwaka 1959 ule mkanda unaopita begani na kiunoni. Ukapata hataza, na kampuni ikawaachia watengenezaji wengine wautumie. Leo upo karibu kila gari, na bado tunajua ni wa Bohlin. Kugawa na kuandika jina havigombani. Ila huwezi kugawa kitu ambacho hakijaandikwa kuwa ni chako. Hapo unakuwa umenyang'anywa, halafu unaitwa mkarimu.

Fundi mwenyewe hataki kumfungia mtu makaa. Alituambia, "Waache watengeneze. Mimi nilitaka wanangu waone jina."

Sasa karakana ina daftari kubwa, lenye kurasa zenye namba. Kila mtu akitengeneza kitu kipya, anaandika tarehe, anachora, anaeleza kila kipande kinafanya nini, anasaini. Mashahidi wawili nao wanasaini. Tunajua daftari si hataza, halimzuii mtu yeyote kisheria. Lakini mgeni mwingine akija na futikamba yake, kuna kitu cha kumwekea mezani kabla ya selfi.

Ndugu zetu wa mashirika mnaotusoma, tuna ombi moja tu. Mkipiga picha ya kitu kilichotengenezwa na mkimbizi, muulizeni anataka jina lake liandikwe au lisiandikwe. Wengine wana sababu za usalama, heshimuni. Wanaotaka, waandikeni. Na siku ya semina ya haki, tafadhali kumbukeni na Kifungu cha 14.

Vijana wenzetu, kama umetengeneza kitu, usikiposti usiku huu. Kwanza kiandike.

Ukurasa wa kwanza wa daftari letu ni wa Fundi. Springi nne, kibati, vijiti, na mshale unaoonyesha makaa yakipanda. Jina lake lipo pale kamili, majina yote matatu, kama alivyopewa nyumbani, siyo lile lililokosewa kwenye kadi ya rasheni. Aliandika mwenyewe, polepole. Kwa biki.